Picha Kabla ya Neno: Historia ya Kitabu cha Picha na Mtoto wa Isebania

Utangulizi

Mji wa Isebania uko mpakani mwa Kenya na Tanzania, katika nchi ya Wakuria, na ng'ambo ya kituo cha forodha uko mji wa Sirari. Mpaka huo ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, nao uliwagawa watu wa kabila moja baina ya dola mbili. Mtoto azaliwaye hapo hukua katikati ya lugha nyingi. Nyumbani aghalabu husikia Kikuria. Sokoni husikia Kijaluo na Kikisii. Na barabarani, kwa madereva na wachuuzi wa pande zote mbili, husikia Kiswahili. Siku aingiapo darasa la kwanza hukuta lugha nyingine tena, nayo ni Kiingereza, na hukuta kitabu. Katika kitabu hicho kuna kitu kimoja tu awezacho kukisoma siku ile ile ya kwanza bila ya kufundishwa na mtu, nacho ni picha.

Makala haya yanachunguza historia ya picha hiyo. Swali linaloongoza uchunguzi ni jepesi kulitaja ingawa si jepesi kulijibu: je, ni nani aliyepewa haki ya kusema kwamba picha ina nini ndani yake? Walimu na watunga mitaala wa siku hizi husisitiza kwamba kitabu cha picha hukuza ubunifu wa mtoto na kumfanya ajiamini. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake una masharti. Itaonyeshwa kwamba kwa muda mrefu picha iliingia shuleni ikiwa mtumishi wa neno, na jibu lake moja likiwa limekwisha kuamuliwa na mtu mzima. Itaonyeshwa pia kwamba ubunifu na hali ya kujiamini vilipata nafasi pale tu mtoto aliporuhusiwa kusema kwanza, kwa lugha anayoimudu, kabla ya neno lililochapwa kusema.

Picha chini ya neno

Wanahistoria wa elimu huanza kwa kumtaja Johann Amos Comenius, ambaye kitabu chake Orbis Sensualium Pictus kilichapishwa Nürnberg mwaka 1658. Katika kitabu hicho kila mchoro ulitiwa nambari, na kila nambari ililingana na neno la Kilatini na la Kijerumani. Kwa mtoto wa Ulaya aliyekuwa akikaririshwa maneno asiyoyaona maana yake, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Hata hivyo yapasa kuangalia kwamba kazi ya picha ilikuwa kutaja vitu. Mtoto alitazama, akapata jina, na baada ya hapo picha ilikuwa imekwisha kazi yake.

Njia hiyo ndiyo iliyofika Afrika ya Mashariki katika vitabu vya kwanza vya kusomea. Embe lilichorwa ili mtoto aseme "embe", na mchoro wa ng'ombe uliwekwa juu ya neno "ng'ombe". Mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, jambo lililosumbua vichwa vya wakuu wake lilikuwa usanifishaji wa lugha: tahajia, msamiati na sarufi ya vitabu vya shule. Mwelekeo huo ulieleweka kwa wakati wake, lakini matokeo yake ni kwamba kitabu cha mtoto kilipimwa kwa usahihi wa maneno yake.

Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1948, uchapishaji wa vitabu katika lugha nyingi za wenyeji ulipanuka sana. Lakini hapo ilijitokeza sababu nyingine iliyoibana picha, nayo ni gharama. Katika uchapaji wa siku hizo kila rangi ilihitaji bamba lake na kupitishwa mashineni peke yake. Hivyo ukurasa wa rangi nne ulikuwa na kazi mara nne ya ukurasa wa wino mweusi mtupu. Gharama za kutengeneza mabamba hugawanywa kwa idadi ya nakala. Lugha yenye wasomaji wengi huweza kuzibeba. Lugha yenye wasomaji wachache, kama Kikuria, hulemewa. Kwa hiyo mtoto wa lugha ndogo alipata hasara maradufu: vitabu vyake vilikuwa vichache, na hata hivyo vichache vilikuwa na michoro haba ya mistari myeusi.

Shaka juu ya macho ya mtoto wa Kiafrika

Juu ya uhaba huo palikuwa na dhana iliyodhuru zaidi. Wako wataalamu walioshuku kama Mwafrika asiyesoma shule aliweza kuielewa picha hata kidogo. Jaribio mashuhuri katika jambo hili ni lile la William Hudson wa Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 1960. Watu walionyeshwa mchoro wa mwindaji aliyeinua mkuki, swala mbele yake, na tembo mdogo kilimani kwa mbali. Aliyesema kwamba mwindaji anamlenga tembo alihesabiwa kuwa haoni umbali katika picha. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba michoro ile yenyewe ilikuwa na upungufu wa dalili za umbali, na kwamba ilipoboreshwa majibu nayo yalibadilika.

Kwa makala haya jambo la kuangaliwa ni namna ya kuuliza. Mtu aliyesema "tembo" hakupewa nafasi ya kueleza kwa nini. Huenda alifikiri kwamba nyama ya tembo ni nyingi zaidi, au kwamba mwindaji hodari hamwendei swala. Mchoro ulikuwa na hadithi ndani yake, lakini mtahini alikuwa na jibu moja mkononi. Mtoto wa darasa la kwanza aulizwaye "hii ni nini?" huwa katika hali iyo hiyo. Akikosea mara mbili tatu hujifunza kunyamaza, na ukimya wake huandikwa kuwa ni upungufu wa akili.

Watu wa pembe ile ya Ziwa Viktoria hawakuwa wageni wa picha. Katika kisiwa cha Mfangano, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay, ipo michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe juu ya miamba, yenye miduara ndani ya miduara, nayo huhusishwa na wawindaji wa Kitwa waliokaa huko kabla ya wakulima na wafugaji wa sasa. Watoto wa wafugaji nao, kama wenzao wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wamefinyanga ng'ombe wa udongo na kuchora kwa kijiti mchangani tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuuliza swali lililo wazi na kusubiri jibu.

Wachoraji, watambaji na haki ya kusema

Mabadiliko ya kwanza yalitoka kwa walimu wa sanaa. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika Makerere mwaka 1937, alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi wake tukio kwa maneno kisha kuwaacha kila mmoja alichore alivyoliona moyoni. Waliosikia habari moja walileta picha mbalimbali, na tofauti hizo hazikuhesabiwa kuwa makosa. Miongoni mwa waliosoma Makerere ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi, na ambaye alipinga kwa nguvu zote tabia ya kunakili kazi za wengine.

Mwaka huo huo wa 1965 ilianzishwa pia East African Publishing House, na mara vikaanza kutoka vitabu vya watoto vilivyoandikwa na Waafrika wenyewe. Mwaka 1966 Asenath Bole Odaga alitoa hadithi zake za mwanzo za watoto, na Pamela Kola alitoa mkusanyo wa ngano za kueleza asili ya mambo. Odaga, aliyefariki mwaka 2014, aliendelea baadaye kuwa mchapishaji mjini Kisumu kwa jina la Lake Publishers, akatoa vitabu kwa Kiingereza na kwa Kijaluo. Duka lake la vitabu liliitwa Thu Tinda. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Ni maneno ambayo mtambaji wa Kijaluo humalizia ngano, akijitakia kukua mrefu kama mti. Katika desturi hiyo hata mtoto aliruhusiwa kutamba, na alipomaliza alijitakia makuu mbele ya wakubwa. Kile ambacho walimu wa leo hukiita kujiamini kilikuwa na mahali pake katika utambaji, kama vile katika Uswahilini asemaye "paukwa" huwa amepewa uwanja na wote waitikiao "pakawa".

Fikira ya kwamba picha yaweza kumpa mnyonge kauli ilipata nguvu pia kutoka ng'ambo. Paulo Freire wa Brazili alikuwa amewafundisha watu wazima kusoma kwa kuwaonyesha kwanza picha za maisha yao wenyewe, wakazijadili kabla ya kuona herufi yoyote. Freire alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi hiyo ilipokuwa katika kampeni kubwa za elimu ya watu wazima. Somo lake kwa vitabu vya watoto ni bayana: ajuaye maisha yaliyochorwa ndiye mwenye mamlaka ya kuieleza picha, hata kama hajui kuandika jina lake.

Katika miaka ya 1980 somo hilo lilionekana katika vitabu vya Kenya kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfululizo wa Pichadithi, ambao jina lake limeunganisha picha na hadithi, na ambao ulisimulia ngano za Kenya kwa michoro iliyofuatana; Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, alikuwa mmoja wa waliochorwa humo. Ya pili ni hadithi za Njamba Nene alizoziandika Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kikikuyu kuanzia mwaka 1982. Njamba Nene ni mtoto maskini anayedharauliwa shuleni, lakini basi la wanafunzi linapopotelea porini ni yeye ajuaye njia, kwa sababu ndiye anayeijua nchi yake na lugha yake. Hapo mwandishi alisema waziwazi kwamba mtoto hajiamini kwa kusifiwa tu, bali hujiamini anapokuta kwamba maarifa aliyotoka nayo nyumbani yana kazi.

Lugha ya kuizungumzia picha

Mtoto wa Isebania hangeweza kufaidi mabadiliko hayo bila ya kwanza kujibiwa swali la lugha. Kuanzia mwaka 1957 ulienea Kenya utaratibu mpya wa kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono mwelekeo huo. Utaratibu huo ulileta vitabu vyenye picha nyingi kuliko vya awali, na hilo ni jema. Lakini mazungumzo juu ya picha yalitakiwa yawe kwa lugha ambayo mtoto wa Nyanza Kusini hakuwa nayo. Alionyeshwa mlango wa kusema na papo hapo akanyimwa ufunguo.

Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kutokana na siasa hiyo vilienea vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, vilivyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya katika lugha nyingi za wenyeji. Lakini katika mji wa mpakani lugha ya eneo ni ipi? Mwana wa Mkuria, wa Mjaluo na wa Mkisii wakikaa dawati moja, ni Kiswahili peke yake kiwezacho kuwakutanisha. Mwaka 1985, ulipoanza mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi, na hadhi yake ikapanda.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia masomo ya shule za msingi Tanzania, na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa katika mkoa ule ule wenye Sirari, liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Mtoto wa Sirari alipata lugha moja ya kusomea masomo yote, lakini Kikuria chake hakikuwa na nafasi darasani. Mtoto wa Isebania aliahidiwa lugha ya nyumbani katika madarasa ya chini, lakini alijua kwamba Kiingereza kinamngoja mbele. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, wakitazama picha moja ya maksai shambani, walitakiwa waieleze kwa lugha mbili tofauti, na wala mmoja wao hakutakiwa kuieleza kwa lugha ya mama yake daima.

Kitabu cha picha chapata mahali pake

Mwaka 1991 ulianzishwa Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliosaidia waandishi na wachoraji wa nchi hiyo kutoa vitabu vya hadithi kwa Kiswahili na kuvifikisha shuleni. Hivyo pakawa na hazina ya vitabu vya picha katika lugha ambayo mtoto wa upande wa Kenya naye aliielewa. Nchini Kenya kwenyewe hitaji lilizidi kuwa kubwa: elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yalifurika, na kitabu kimoja kikashikwa na mikono mingi. Kuanzia mwaka 2015 mpango wa Tusome, uliofadhiliwa na Marekani, uligawa vitabu vya Kiingereza na Kiswahili kwa madarasa ya chini kwa lengo la kila mtoto kuwa na kitabu chake.

Kizuizi cha zamani cha gharama nacho kilianza kulegea. Wachapishaji walikuwa wamekwisha kujua kwamba picha za rangi zaweza kuchapwa kwa pamoja kwa ajili ya lugha kadhaa, kisha likabadilishwa bamba la maneno peke yake. Mwaka 2014 mradi wa African Storybook, ulioongozwa kutoka Afrika Kusini na kujaribiwa Kenya na Uganda pia, uliipeleka fikira hiyo mbali zaidi kwa kuweka vitabu vya picha kwenye intaneti, ili mwalimu aweze kuvitafsiri katika lugha yake bila malipo, au kutunga vingine. Kwa lugha ndogo hii ni neema, kwa sababu picha haijui mpaka wa kabila wala wa dola; kinachohitaji kuandikwa upya ni mistari michache tu chini yake.

Hatimaye mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa Kenya nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019, ulitaja ubunifu na kujiamini miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wa mfumo uliotangulia, ambao ulikuwa umeyatia masomo karibu yote katika majibu ya kuchagua, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Maneno ambayo zamani yalikuwa ya wachoraji na watambaji yakawa sasa maneno ya serikali.

Kutoka maneno hadi matendo

Pamoja na hayo, neno likiandikwa katika mtaala halijafika bado darasani. Mwalimu mwenye watoto sitini huona usalama katika swali lenye jibu moja. Tena wako walimu waonao hatari ya kweli: kwamba mtoto atabahatisha maneno kwa kuangalia picha, na hatajifunza herufi na silabi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Kitabu cha picha hakifundishi kusoma kwa chenyewe, na mtoto asiyejua silabi hataokolewa na wingi wa rangi.

Jibu limo katika mpango wa kazi. Kwanza mwalimu huyafunika maneno na kuonyesha picha, akauliza maswali yasiyo na jibu moja: ni nini kilichotokea kabla ya hapa? Huyu anawaza nini? Kitatokea nini tukifungua ukurasa? Mtoto apendaye kujibu kwa Kikuria hujibu kwa Kikuria, na mwenzake humsaidia kuyaleta maneno yake katika Kiswahili. Baada ya hapo maneno hufunuliwa, nayo husomwa silabi kwa silabi kama itakiwavyo. Mwishowe darasa hulinganisha hadithi yake na ya mwandishi. Hapo mtoto hugundua kwamba kitabu kimetungwa na mtu, na kwamba naye ni mtu awezaye kutunga. Karatasi chache zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi zatosha kuwa kitabu chake cha kwanza.

Katika mpango huo mtoto wa Isebania si maskini hata kidogo. Mwalimu aliyetoka mbali huenda asijue tofauti ya maksai wa kulimia na fahali wa kundi, wala asijue malori yanayongoja forodhani yamebeba nini, mtoto anajua. Anapoeleza na darasa zima, pamoja na mwalimu, likamsikiliza, amepata heshima ambayo hakuna mtihani uwezao kumpa.

Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa yaonyesha kwamba picha peke yake haijapata kumkomboa mtoto yeyote. Comenius aliitumia kutaja vitu, Hudson aliitumia kupima watu, na vitabu vya Kiingereza viliitumia kumzoesha mtoto lugha ya wenyewe. Ni pale ilipokutana na desturi ya utambaji, katika kazi za akina Trowell, Odaga na Ngũgĩ, ndipo ilipoanza kumrudishia mtoto kauli. Leo vitabu vipo kuliko wakati wowote uliopita, njia za kuvitafsiri ni nyepesi, na mtaala umeruhusu. Kilichobakia ni kazi mbili: kuandika mistari ya Kikuria chini ya picha zilizokwisha kuwapo, ili watoto wa pande zote mbili za mpaka waisome lugha yao, na kumwandaa mwalimu aweze kuuliza, kisha akangoja. Kazi hizo zisipofanywa, kitabu cha picha kitakuwa pambo la rafu, na mtoto wa Isebania ataendelea kuona mengi na kusema machache.